Kumtumia mtu wako wa ng'ambo vyakula vya nyumbani: kutoka jikoni Tanga hadi mlangoni kwake

Ramadhani ikikaribia, hodi haziishi mlangoni kwangu hapa Makorora. Mara mama mwenye mwana Muscat, mara kaka mwenye mchumba Hamburg, mara bibi aliyepigiwa simu na mjukuu anayesema kaota anakula bada, ugali wa muhogo, kwa dagaa. Kila mmoja ana mfuko mkononi na swali lilelile: "Mwanangu, hivi vinafika?" Nimejibu mpaka nimechoka kujirudia, basi leo nayaandika yote mahali pamoja.

Vinafika. Mdogo wangu yuko Leeds mwaka wa sita sasa, na kabati lake la jikoni lina harufu ya Soko la Mgandini. Lakini kifurushi cha kwanza nilichomtumia kilifika kimelowa mafuta ya achari, kuanzia karatasi ya anwani hadi vileja vya chini kabisa. Nilikuwa tayari kuwalaumu wa njiani. Kumbe kosa nililifanya mwenyewe, juu ya meza yangu, siku mbili kabla ya kwenda Posta. Mizigo mingi ya chakula huharibikia jikoni, safari inakuja kuonyesha tu. Ndiyo maana humu nitakukalisha jikoni muda mrefu kuliko kaunta.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Anwani kamili ya mpokeaji kama wanavyoiandika kwao, pamoja na namba ya posta ya mtaa wake na namba ya simu inayopatikana
- Kitambulisho chako
- Mizani ya jikoni
- Vifungashio vya zipu vilivyo vizito, vile vinavyouzwa kwa ajili ya kufungashia vyakula. Mifuko laini ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata ingekuwepo isingefaa: inapasuka
- Boksi gumu la tabaka mbili, lisilo na harufu ya sabuni wala mafuta ya taa
- Seloteipu pana, kalamu ya wino usiofutika, magazeti ya zamani
- Siku 4 au 5 za nafasi. Anayetaka kupika asubuhi na kutuma mchana huyohuyo, huyo ndiye atakayerudi kwangu analia

Hatua ya 1. Anza na sheria za huko, hamu yake ifuate

Usimuulize "unataka nini?" kabla hujajua nchi yake inaruhusu nini. Ukishaahidi samli, utaona haya kurudi nyuma.

Nchi za Umoja wa Ulaya hazipokei nyama wala maziwa na mazao yake kutoka kwetu katika vifurushi vya watu binafsi. Hapo imetoka samli, imetoka jibini, umetoka na mshikaki mkavu uliofikiria kuuficha katikati ya kanga. Uingereza nayo ni hivyohivyo. Samaki wanaruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani hadi kilo 20, na asali hadi kilo 2. Mikate, keki na biskuti zisizo na nyama hupita, kwa hiyo vileja vilivyopikwa kwa samli vinaweza kwenda ingawa kopo la samli lenyewe haliendi. Mtu wa kwanza kuniambia hivyo nilidhani ananitania.

Matunda na mboga mbichi ziache. Machungwa ya Muheza ni matamu, tunajua, lakini Ulaya huyadai cheti cha afya ya mimea. Majani mabichi ya mchuzi na ya mdimu yasikaribie boksi.

Marekani hutaka taarifa ipelekwe mapema kwa mamlaka yao ya chakula, FDA, kabla chakula hakijaingia. Msamaha upo kwa chakula ulichokipika mwenyewe nyumbani kwako ukamtumia mtu kama zawadi. Cha dukani hakimo katika msamaha huo. Australia na New Zealand ni wakali kupita wote, na New Zealand asali hawaipokei kabisa. Mtu wako akiwa upande huo, mwambie asome ukurasa wa forodha wa nchi yake kwanza akutumie orodha, ndipo uwashe jiko.

Mambo mawili zaidi, maana huulizwa kwa sauti ya chini. Mirungi: hapana. Ni haramu kisheria hapa kwetu, na Uingereza waliipiga marufuku mwaka 2014. Papa mkavu: najua hakuna cha kushindana na papa wa nazi, ila mwaka 2022 ukoo mkubwa wa papa uliingizwa katika orodha za CITES, mkataba wa kulinda viumbe walio hatarini, na kumvusha mpaka kunahitaji vibali ambavyo wewe huna. Tuma dagaa.

Hatua ya 2. Chagua vinavyovumilia safari

Kipimo changu ni kimoja: kitu hiki nikikiacha juu ya kabati wiki 3, bila friji, katika joto la hapa, kitakuwaje? Kama jibu linakufanya ukunje uso, usikitume.

Viungo ndiyo zawadi bora kuliko zote. Iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga za milima ya Amani ni nyepesi, hazivunjiki, na zinakaa miezi. Tuma nzima, usisage. Zikiwa nzima harufu hukaa ndani, na ofisa wa forodha anazitambua kwa macho. Mimi huchanganya kabisa viungo vya pilau, bizari nyembamba ikiwa nyingi kuliko vyote, nikapima vya sufuria moja katika kila pakiti. Yeye kazi yake kukata na kumimina.

Unga wa muhogo kwa ajili ya bada huenda vizuri, ila chagua makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu, kwa macho makali. Kopa lenye madoa meusi au ya kijani litupe, usilikune ukalisaga. Ukungu ule huleta sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Ukishausaga, uweke unga katika friza siku 4 ili mayai ya wadudu yafe, kisha uuache urudi katika joto la kawaida ukiwa umefungwa vilevile. Ukiufungua ungali wa baridi utaloa.

Dagaa, nitarudi kwao hapo chini. Majani ya chai ya Usambara, ndiyo. Korosho za kubanguliwa na kukaangwa, ndiyo. Kisamvu kilichotwangwa kikakaushwa kivulini, ndiyo, na ni chepesi mno. Mchele acha, kwao upo tele na wewe unalipia kila kilo.

Kwenye vitamu kuna ubaguzi. Visheti ni askari: vigumu, vikavu, vinabebana. Vileja ni mabinti wa kihindi, ukivigusa vibaya vinakuwa unga. Vipange vimesimama kwenye kopo gumu kama sahani kabatini, na karatasi kati ya safu na safu. Kashata ya karanga inafika salama. Kashata ya nazi huanza kunuka mafuta ya zamani mapema, hivyo ipike ya mwisho na umwambie aile ya kwanza. Ubuyu wa rangi hutoka jasho kwenye joto, kwa hiyo unyunyizie sukari iliyosagwa laini na uugawe pakiti ndogondogo. Kaimati usijaribu hata kidogo.

Na achari. Ile ya mafuta kwenye chupa ndiyo iliyoniaibisha. Siku hizi natuma embe mbichi zilizokatwa vipande, zikapakwa chumvi, manjano na pilipili, zikaanikwa mpaka zimekunjamana kama ngozi. Akizipata anazitia mafuta ya moto na siki kwake, siku ya tatu achari ni achari.

Hatua ya 3. Kausha, poza, jaribu

Adui yako ni maji. Tanga hewa yenyewe ina chumvi na unyevu, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, hata kitu kikavu kinalegea ukikiacha wazi usiku mmoja. Kama unaweza, kausha vyako miezi ya jua kali ukavihifadhi.

Dagaa wafanye hivi. Waliokauka jua wa sokoni bado wana maji ndani, usidanganywe na ngozi. Toa vichwa na matumbo, pepeta mchanga, kisha wakaange bila mafuta kwenye chuma kipana, moto mdogo, ukigeuzageuza bila kuondoka. Mwanzoni utasikia harufu ya pwani, jirani atafunga dirisha. Baadaye harufu hugeuka kuwa kama ya karanga. Hapo chukua mmoja, umvunje katikati. Akikunjika, rudisha. Akilia "tak" na ncha zikawa kavu, toa jikoni.

Sasa subiri. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko jingine lolote: watu hufunga kitu kikiwa vuguvugu. Mvuke unanasa kwenye pakiti, unageuka matone, na wiki mbili baadaye kuna ukungu. Tandaza kwenye sinia, funika kwa kitambaa chepesi, acha saa kadhaa mpaka sinia lenyewe liwe baridi ukiligusa kwa chini. Hiyo ni kwa dagaa, korosho, visheti, kila kilichopita motoni.

Hatua ya 4. Funga kila kitu peke yake, kiandike jina

Pakiti za gramu 200 hadi 250 zinatosha. Moja ikipasuka hujapoteza zote. Minya hewa itoke, funga zipu, kisha itie pakiti hiyo ndani ya nyingine. Dagaa wape pakiti tatu na uwaweke mbali na majani ya chai, la sivyo atakunywa chai ya dagaa.

Juu ya kila pakiti andika jina la kitu kwa Kiingereza kinachoeleweka, uzito, na tarehe uliyofunga. Fikiria kidogo: unga mweupe, kwenye mfuko usio na jina, ndani ya boksi kutoka mbali. Wewe ungekuwa ofisa ungefikiri bada? Andika "cassava flour", herufi kubwa. Ukipata unga uliofungwa kiwandani wenye nembo, ni bora zaidi, na usiufungue.

Hatua ya 5. Pima na upange boksi

Vizito chini, vinavyovunjika katikati, vyepesi juu. Kila upande uwe na magazeti yaliyokunjwakunjwa. Mimi nafasi ya katikati huijaza kwa kanga mpya. Inalinda vileja na ni zawadi nyingine, ila lazima nayo uiandike kwenye fomu. Tikisa boksi. Ukisikia kitu kinatembea, ongeza magazeti.

Ukubwa wa boksi una bei yake. Kampuni nyingi za kusafirisha kwa ndege hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, huzidisha, kisha hugawa kwa 5000. Boksi la 40 kwa 30 kwa 30 linahesabiwa kilo 7.2 hata kama ndani mna kilo 4 za visheti. Zinakutoza kwa kubwa kati ya hizo mbili. Basi tafuta boksi linalobana vitu, usipende la bure lililokuwa la televisheni.

Hatua ya 6. Orodha na fomu ya forodha

Andika orodha nyumbani, usiende kuifikiria kaunta ukiwa na foleni nyuma yako. Vifurushi vidogo vya hadi kilo 2 hutumia fomu ya CN22, vikubwa hutumia CN23. Zote mbili zinataka kitu kimojakimoja, uzito wake na thamani yake. Neno "zawadi" au "chakula" peke yake halitoshi, na ndilo linalofanya maboksi yafunguliwe. Siku hizi huulizwa pia namba ya forodha ya bidhaa, yenye tarakimu 6: korosho zilizobanguliwa bila kukaangwa ni 080132, iliki nzima ni 090831. Nyingine unaweza kuzitafuta kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani.

Thamani iandike ya kweli. Zawadi ya mtu kwa mtu huingia Umoja wa Ulaya bila kodi ikiwa haizidi euro 45, na Uingereza bila kodi ya ongezeko la thamani ikiwa haizidi pauni 39. Marekani waliuondoa ule msamaha wao wa dola 800 tarehe 29 Agosti 2025, ukabaki wa zawadi za hadi dola 100. Chakula cha nyumbani kwa kawaida hakifiki huko, tatizo ni pale unapochomeka simu au mkufu humohumo. Vitu hivyo vitumie peke yake.

Kuna kisanduku watu wengi hukiruka: kifurushi kisipopokelewa kifanyweje? Ukichagua kirudishwe, unaweza kudaiwa gharama ya kurudi, na utakachorudishiwa ni dagaa wa miezi mitatu. Kwa chakula mimi huchagua kiachwe hukohuko.

Hatua ya 7. Nenda Posta, boksi likiwa wazi

Usilizungushe seloteipu nyumbani. Yaliyomo hukaguliwa kabla ya kufungwa, na ukifika umelifunga kama maiti utalichana mbele za watu. Beba seloteipu yako, ukishakaguliwa funga palepale: mstari wa katikati, kisha kingo mbili, iwe kama herufi H, juu na chini.

Ulizia huduma zote mbili, kifurushi cha kawaida na EMS, ile huduma ya haraka ya Posta. Cha kawaida ni nafuu lakini huchukua wiki nyingi. Kwa chakula naona EMS ina thamani ya fedha yake. Risiti yake ina namba ya kufuatilia, herufi 2, tarakimu 9, kisha TZ. Ipige picha hapohapo. Kampuni binafsi za haraka ni ghali zaidi. Mimi huzitumia kwa vitu vya harusi tu.

Nenda asubuhi, katikati ya wiki. Kwa ajili ya Ramadhani au Krismasi, tuma mwezi mzima kabla.

Hatua ya 8. Mpe mpokeaji kazi yake

Mtumie picha ya risiti, orodha kamili, na picha ya boksi likiwa wazi. Mwambie apokee simu za namba asizozijua kwa wiki mbili zile. Watoto wetu wa ng'ambo hawapokei namba ngeni, halafu kifurushi kinalala bohari.

Mambo yakienda kombo

*Namba ya kufuatilia haisogei.* Kati ya kuondoka Dar es Salaam na kupokelewa huko kuna ukimya, ni kawaida. Ukizidi wiki mbili, nenda na risiti kaunta uliyotumia uombe ufuatiliaji rasmi. Anayetuma ndiye anayetakiwa kulalamika, si anayepokea.

*Kimezuiliwa forodhani.* Mara nyingi wanataka maelezo tu. Mpokeaji ajibu barua au ujumbe wao haraka, awape orodha na picha ulizomtumia. Kama ni kitu kilichokatazwa, watakitoa wakiteketeze, na pengine wataruhusu vilivyobaki. Usibishane, na safari ijayo usikirudie.

*Anadaiwa kodi.* Atazame kwanza thamani waliyoisoma. Shilingi 60,000 ikisomwa kama euro, umeumia. Andika alama ya fedha kila mstari.

*Ujumbe wa simu unamtaka alipie kifurushi kwa kubonyeza kiungo.* Matapeli wanajua watu wanasubiri mizigo. Aingie mwenyewe kwenye tovuti ya posta ya nchi yake, aweke namba ya kufuatilia, aone kama deni lipo kweli.

*Kimefika na wadudu.* Hukugandisha unga, au ulichanganya wa zamani na mpya. Atupe pakiti hiyo nje ya nyumba, akague nyingine. Ndiyo faida ya pakiti ndogo.

*Visheti vimelegea.* Oveni, moto mdogo, dakika 10, avipoze wazi.

*Kila kitu kimefika salama lakini anasema bada haina ladha ya nyumbani.* Hili nimelipata mara mbili. Mpigie kwa video, mwambie aiweke simu mahali sufuria inaonekana, umtazame anavyosonga. Wa kwangu alikuwa anamwaga unga kwenye maji ya uvuguvugu na kukoroga kwa kijiko cha chai. Kifurushi kilichofuata nilimtilia mwiko.